Upatanisho

Darasa la sita, Mwalimu Sizya aliandika ubaoni
ngeli ya KI-VI, kwa chaki ya buluu, nyeupe ilikuwa imekwisha:
kiti, kisu, kikombe, kibatari,
halafu bila kuvuta pumzi
kipofu, kiziwi, kiwete.
Nikanyoosha mkono.
"Mwalimu, mimi na kiti ni ndugu?"
Darasa likacheka mpaka mbuzi wa jirani akachungulia dirishani.

Yeye hakucheka. Alifuta chaki kwenye suruali.
"Kiongozi naye yumo humo humo, Nyamizi. Kijana pia.
Tazama upatanisho. Kiti kimeanguka.
Kiwete ameanguka. Umeona? A. Wewe ni mtu."
Nikaona. Nikaona pia kwamba
hata mfano wa kuniokoa ulinidondosha.

Vitabu navyo. Kabatini mlikuwa na hadithi kumi na moja,
nilizisoma zote, nani angeniita nikaruke kamba?
Kila mwenye mguu kama wangu
aliponywa ukurasa wa mwisho
au alizikwa katikati, shujaa apate pa kulilia.
Hakuna aliyeshona nguo.
Hakuna aliyedaiwa kodi, wala aliyegombana na kaka yake.

Mimi nashona, Isevya, cherehani ya mkono,
sare za kwaya, magauni ya sendofu.
Na kaka yangu Maganga ameuza kiwanja cha mama,
eti kiwete atajenga nini.
"Hujafa hujaumbika," shangazi akamwonya,
nami nikawachukia wote wawili:
yeye kwa kiwanja,
shangazi kwa kunifanya onyo,
fuvu lililochorwa kwenye pakiti ya sumu ya panya.

Basi Jumatatu nikaizungusha kwa mikono
baiskeli yangu ya magurudumu matatu,
nikawapita wauza asali na vidumu vyao,
mwangaluka huku, mwangaluka kule,
mpaka Mahakama ya Mwanzo.
Mkobani nina nakala ya sheria, kurasa nimezikunja pembe.
Humo hakuna KI. Humo mimi ni mtu mwenye ulemavu,
mtu kwanza, M pana kama mlango,
na majengo ya umma yafikike, imesema.
Sheria ikapanda.
Mimi nikabaki chini ya ngazi tisa.

Karani aliita jina langu mara tatu, kule juu.
Niliitika mara tatu, huku chini.
Vijana wawili wa bodaboda wakajitolea kunibeba.
Asanteni, nikasema. Nimebebwa vya kutosha:
kama mwali, kama gunia la tumbaku,
kama shauri la mtu mwingine.
Karani akachungulia, akaniona,
akarudi ndani, akaandika:
Mdai hakufika.

Mwalimu Sizya, ungekuwepo.
Sarufi haina kosa hata moja.
Ngeli ya mtu, safi kabisa;
wamenipa utu wote, kisha wakaukanusha.

Saa saba hakimu alishuka kwenda kula.
"Mama, haya mambo ya ndugu,
kwa nini msijaribu upatanisho?"
Nikamwambia upatanisho naujua tangu utotoni.
Nomino hutangulia, kitenzi kikafuata.
Mimi nimetangulia, mheshimiwa, tangu saa mbili asubuhi.
Alitazama viatu vyake, akatazama ngazi
kama mtu aliyeonyeshwa jino lake mwenyewe.
Akasema limeahirishwa. Akaenda kula.

Nikavua futi shingoni.
Nikapima ngazi ya kwanza, kimo, kisha upana,
taratibu, kama ninavyompima bibi harusi
asiyejua anataka nini.
Inchi saba na nusu. Mara tisa.
Nikaandika nyuma ya hati ya wito.
Fundi Kapela ana mabaki ya mbao za mninga
na ananidai suruali.

Jengo lina mwili mgumu, nakiri.
Nimewashonea wagumu zaidi.
Linatajwa tena tarehe kumi na nne.